Laptopu inajizima ovyo: angalia inavyozima kabla hujanunua kifaa

Laptopu inayojizima yenyewe huwa na sababu chache zinazojulikana: joto, betri, chaja na njia ya umeme, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), Windows yenyewe, au bodi, yaani saketi kuu ya ndani. Taabu ni kwamba kwa zote hizo mtumiaji anaona kitu kilekile, skrini nyeusi, kisha fundi wa kwanza anayempata anaanza kupiga ramli. Mwenye feni iliyokufa anauziwa betri. Mwenye tundu la chaja lililolegea anapigiwa Windows upya, analipa, anarudi nyumbani, na mashine inazima mezani palepale ilipokuwa ikizimia.

Kabla ya kushika bisibisi, shika kalamu. Kila inapozima andika ilikuwa imewaka kwa muda gani, ilikuwa kwenye chaja au kwenye betri, betri ilionyesha asilimia ngapi, ulikuwa unafanya nini, na upande wa chini ulikuwa na joto kiasi gani ukiugusa kwa kiganja. Yakishafika matukio manne au matano, mara nyingi jibu linajitokeza lenyewe. Mashine inayozima kila ikifika dakika ya 30 haina ugonjwa mmoja na ile inayozima ukifungua video, wala na ile inayozima ukiisogeza.

Hakikisha kwanza kwamba imezima

Si kila skrini nyeusi ni kuzima. Bonyeza Caps Lock. Kama taa yake ndogo inawaka na kuzimika, mashine iko hai. Kilichokufa ni skrini, au waya wake unaopita kwenye bawaba. Mulika skrini kwa pembeni kwa tochi ya simu: ukiona madirisha yako kwa mbali, taa ya nyuma ya skrini ndiyo imekwenda. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kuna na kulala. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia na kurudi palepale ulipokuwa, faili zote zikiwa wazi, haikuzima, ililala. Hapa kuna kisa kinachowachanganya hata mafundi. Laptopu nyingi hujua kwamba zimefunikwa kwa kutumia kihisi cha sumaku kilichofichwa kandokando ya kibodi. Weka hapo simu yenye kava la sumaku, au laza hapo mkono wenye saa ya mkanda wa sumaku, au ipandishe laptopu juu ya nyingine iliyofungwa, nayo itadhani imefunikwa. Italala ukiwa katikati ya sentensi. Ondoa kila chenye sumaku mezani kabla hujatumia hata shilingi.

Imekata, imeamriwa, au imeanguka?

Ikiwa imezima kweli, kuna namna tatu, na ukizitenganisha nusu ya kazi imekwisha.

Iliyokata ghafla, yaani taa, feni na skrini kwa pamoja, imenyimwa umeme. Windows haikuambiwa chochote. Tafuta kwenye joto, betri, chaja na bodi. Iliyofunga programu moja moja, ikaandika kwamba inazima, ndipo ikazima, imepewa amri: kuna programu au mpangilio ulioitoa. Na iliyoganda, ikaonyesha ukurasa wa bluu wenye maandishi, kisha ikajiwasha upya, imeanguka. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 ukurasa huo umekuwa mweusi, kwa hiyo usiseme hukuona kitu. Soma kama kuna maandishi.

Kama hukuwepo ilipozima, Windows huweka kumbukumbu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs kisha System, na upande wa kulia chagua Filter Current Log. Kwenye nafasi ya namba andika 41,1074,6008.

Namba 41, inayotoka Kernel-Power, huwatisha watu bure. Wakiiona wanadhani wamepata ugonjwa wenyewe na wanaanza kuutafutia dawa mtandaoni. Hicho ni cheti cha kifo kisichotaja sababu: kinasema tu kwamba mara ya mwisho mashine haikufungwa sawasawa. Chenye faida kiko kwenye kichupo cha Details, mstari wa BugcheckCode. Ukiwa 0, umeme ulikatika au mashine iliganda ukaizima kwa nguvu. Ukiwa na namba nyingine, ilianguka. Namba 6008 inataja saa iliyozima, basi linganisha na karatasi yako. Na 1074 ndiyo tamu kuliko zote, kwa sababu inataja jina la programu iliyotoa amri ya kuzima.

Jaribio moja zaidi kabla hatujaingia ndani, nalo ni la bure. Iwashe ukiwa unagongagonga kitufe cha kuingilia BIOS, programu ya msingi inayotangulia Windows mashine inapowaka. Kitufe hicho ni F2 kwa Dell nyingi, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Iache humo saa nzima, ikiwa kwenye chaja. Ikizima ikiwa ndani ya BIOS, Windows haina kosa, na yeyote atakayetaka kukupigia Windows upya anakula hela yako. Ikidumu, usishangilie mno, maana humo haibebi mzigo mkubwa.

Muda unafupika kila inapozima: joto

Hii ndiyo sababu ninayoishuku kwanza kwa laptopu yoyote iliyokaa zaidi ya miaka mitatu bila kufunguliwa. Mwenendo wake haufichiki. Asubuhi inakaa saa nzima, inazima. Unaiwasha papo hapo, inakaa dakika kumi. Unaiwasha tena, haifiki hata kwenye neno la siri. Ukiiacha ipoe, inarudi kama kawaida. Kabla ya kuzima huwa inakuwa nzito, na feni inavuma kwa nguvu, au haisikiki kabisa, na ukimya huo ndio mbaya zaidi.

Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa kikomo cha 100 °C. Joto likikaribia hapo prosesa inajipunguzia kasi. Likizidi kupanda, umeme unakatwa ili isiungue. Maana yake ni kwamba huko kuzima ni ulinzi unaofanya kazi yake, na anayekushauri uzime ulinzi huo kwenye mipangilio, mkimbie.

Pakua HWiNFO, programu ya bure, uangalie joto la prosesa. Mashine ikiwa imetulia, nyuzi 45 hadi 60 hazina neno. Sasa fungua video kadhaa kwa pamoja na utazame joto linavyopanda, maana mwendo wake una habari kuliko namba yenyewe. Likiruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde chache, joto halivuki kutoka prosesa kwenda kwenye bamba la shaba: pasta ya kupitisha joto iliyo katikati yao imekauka, au skrubu zimelegea. Likipanda polepole kwa dakika kumi na tano na kugoma kushuka, pasta inafanya kazi lakini hewa haipiti: ni vumbi, au feni.

Vumbi linalodhuru hulioni kwa nje. Linajibana kati ya feni na mapezi ya kipozeo, linashikana na nyuzi za nguo na nywele hadi linakuwa tabaka zito, na kupuliza kupitia matundu ya nje kunalisogeza tu. Dawa ni kufungua. Zima, chomoa chaja, ondoa kifuniko cha chini, na jambo la kwanza kabisa ndani ni kuchomoa plagi ya betri kwenye bodi. Kisha toa feni, uling'oe lile tabaka kwa brashi laini au kibanio. Ukipuliza hewa, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke kupita kiasi. Na usiipeleke laptopu kwenye kompresa ya gereji au ya kujazia matairi: hewa ile inatoka na maji, wakati mwingine na mafuta.

Ukifika hapo, badilisha pasta pia. Futa ya zamani kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili hadi prosesa ing'ae, weka tone dogo katikati, rudisha bamba, na ukaze skrubu kwa kufuata namba zilizochapwa kando yake, kila moja kidogo kidogo kwa zamu. Dawa ya meno, ambayo bado kuna wanaoipendekeza, inakauka na kukurudisha ulikotoka.

Feni iliyokufa mara nyingi hujitangaza. HP huandika System Fan (90B) wakati wa kuwaka, ThinkPad huandika Fan error. Kama hakuna tangazo, weka sikio. Na kabla ya yote hayo, itoe kitandani. Matundu ya kuvutia hewa kwa kawaida yako chini, na godoro linayaziba yote.

Kwenye chaja haizimi, kwenye betri inazima ikiwa na asilimia 30

Hii ni betri, na wengi hawaamini kwa sababu kijialama cha pembeni kilionyesha bado kuna chaji.

Betri ya laptopu ya kawaida ina seli tatu au nne zilizounganishwa kwa mfululizo. Kila seli ikijaa huwa na volti 4.2 hivi, na ikikaribia 3 imekwisha. Seli hazichoki kwa pamoja. Iliyochoka zaidi ndiyo inayoamua: ukifungua kitu kinachovuta umeme mwingi, volti yake inaanguka kwa ghafla, na saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri inakata yote, hata kama wenzake bado wana nguvu. Asilimia unayoiona ni hesabu tu iliyopigwa, nayo haijui kwamba kuna seli moja mgonjwa.

Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotajwa. Tafuta DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Kama ya kwanza ni 50,000 mWh na ya pili ni 20,000, una asilimia 40 ya betri uliyonunua. Ila ripoti nzuri haitoshi kuiachia betri huru. Ijaze, chomoa chaja, pandisha mwanga wa skrini hadi mwisho, cheza video, na ukae uitazame ikishuka. Ikishuka taratibu hadi 46 kisha ikaruka hadi 7 na kukata, hukumu imetoka. Ikiruka hadi 7 lakini ikaendelea kuwaka kwa muda mrefu, kilichopotea ni kipimo tu: ijaze kabisa, itumie hadi izime yenyewe, ijaze tena bila kukatiza.

Angalia na umbo. Padi ya kugusa isiyobonyea tena, kifuniko cha chini kilichotuna, laptopu inayoyumba juu ya meza iliyonyooka: betri imevimba. Acha kuichaji siku hiyohiyo. Usiitoboe, usiikandamize irudi, wala usiitupe jalalani pamoja na takataka za nyumbani.

Ukienda kununua, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, jina la laptopu halitoshi. Beba betri ya zamani au piga picha msimbo ulioandikwa juu yake, kama HT03XL kwa HP au WDX0R kwa Dell. Laptopu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na betri zisizoingiliana, na ukienda na jina tu utauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwenye betri inadumu, kwenye chaja inazima

Kinyume cha iliyotangulia, na hapa mshukiwa ni chaja, waya, au tundu. Washa mashine, shika ncha ya chaja ilipoingilia, uisogeze taratibu kushoto na kulia huku ukitazama taa ya kuchaji. Ikipepesa, tundu limelegea au waya umekatikia ndani, mara nyingi pale unapoingia kwenye ncha. Tundu likiwa la moto au likitoa harufu ya kuungua, usiendelee kujaribu.

Kisha soma kibandiko cha chaja. Volti mara ampea ndiyo wati: 19.5 mara 3.34 ni wati 65, 19.5 mara 4.62 ni wati 90. Volti lazima zilingane na za mashine. Ampea zikizidi haidhuru, zikipungua ndipo shida inapoanza. Laptopu iliyotoka kiwandani na chaja ya wati 90 ikipewa ya 45 itafungua barua pepe bila wasiwasi, halafu ikate ukianza kuhariri video. Chaja za Dell za ncha ya duara zina pini nyembamba katikati inayoitambulisha chaja kwa mashine. Ikivunjika au ikiwa ya bandia, mashine inakataa kuchaji betri na inajipunguzia kasi. Zile za Type-C nazo zinadanganya kwa umbo: chaja ya simu ya wati 18 inaingia vizuri kabisa, lakini haiwezi kuibeba laptopu yenye kazi.

Kuna wale ambao betri ilikufa zamani wakabaki kutumia chaja tu. Kwao kila umeme unapopepesa, hata kwa nusu sekunde ambayo taa ya chumba haikuonyesha, laptopu inazima. Jaribu kuichomeka ukutani moja kwa moja bila ekstensheni, na ukaze plagi. Soketi iliyochoka inatosha kuleta balaa lote hili.

Inazima kwa saa ileile

Sehemu hii inawahusu hasa walionunua mashine za mtumba, zile zilizotoka maofisini Ulaya au Marekani.

Kama inazima takriban kila baada ya saa moja, kwa utaratibu, na mandhari ya skrini imekuwa nyeusi, soma pembe ya chini kulia. Ukikuta neno Evaluation, umepewa Windows ya majaribio ya makampuni. Inadumu siku 90. Zikiisha, inazima mashine kila saa kwa makusudi, na kwenye kumbukumbu ile namba 1074 utamkuta mhusika akitajwa kwa jina, wlms.exe. Hakuna kifaa kibovu hapo. Nakili mafaili yako, piga Windows ya kawaida yenye leseni. Usichanganye na Windows ya kawaida ambayo haijaamilishwa: hiyo inakusumbua kwa maandishi tu, haizimi mashine.

Kama inazima kila dakika 30, hata ikiwa imekaa kwenye BIOS, uliza kama kuna aliyewahi kugusa BIOS yake, mathalani kuondoa neno la siri la kampuni iliyoimiliki. Mashine za Intel zina programu ndogo inayoitwa Management Engine, inayokaa kwenye chipu ileile ya BIOS. Ikiharibika wakati wa kuandika upya chipu, mashine inawaka, inafanya kazi vizuri, kisha inakata ikitimiza nusu saa. Betri mpya haitasaidia, Windows mpya haitasaidia. Anayehitajika ni fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu na faili safi ya BIOS ya modeli hiyohiyo.

Na kama amri inatoka saa fulani ya siku, pekua Task Scheduler, sehemu ya Windows inayopanga kazi za kujiendesha zenyewe, na uweke saa zako za kazi kwenye mipangilio ya Windows Update.

Inaanguka na kujiwasha upya

Bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Startup and Recovery, na uondoe tiki kwenye Automatically restart. Sasa ukurasa wa kosa utakaa hadi uusome. Ukitaja faili kama nvlddmkm.sys, ni kiendeshi cha kadi ya picha ya Nvidia. Kiondoe, weka kipya. MEMORY_MANAGEMENT ikijirudia, shuku RAM. Endesha mdsched.exe, kipimo cha RAM cha Windows yenyewe, na kama mashine ina vipande viwili vya RAM, tumia kimoja kimoja kwa siku nzima. Miguu ya RAM iliyofifia isugue kwa ufutio wa penseli, futa mabaki, rudisha hadi usikie imebana. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR inaelekeza kwenye vifaa, mara nyingi joto au prosesa, basi rudi juu.

Inazima ukiigusa, au bila mpangilio wowote

Chomoa kila kitu cha USB na utazame ndani ya matundu kwa tochi; kijipini kilichopinda kikigusa ukuta wa chuma kinatosha kuangusha mashine nzima. Ikizima ukibonyeza pembe fulani ya ganda au ukiinyanyua kwa mkono mmoja, kuna muunganisho uliolegea au ufa kwenye bodi. Kwa walioko Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi hutengeneza kutu ya kijani kwenye tundu la chaja na miguu ya viunganishi, na chai yenye sukari iliyomwagika mwaka jana hufanya vivyo hivyo polepole.

Umefika hapa na haijapona? Ni bodi, na bodi si ya kujaribiwa nyumbani. Mpelekee fundi anayetumia mita na darubini, na mwambie ulichokiona kwa maneno kama haya: "Inakata ghafla, taa zote pamoja, kwenye betri na kwenye chaja. Joto halizidi nyuzi 70. Inazima hata kwenye BIOS. Nimejaribu chaja nyingine ya wati 65 na RAM moja moja." Akikutajia bei kabla hajaipima, ondoka nayo. Kabla hujamwachia, toa diski ubaki nayo. Bodi inapimika bila diski, na picha zako hazina kazi mezani kwake.